Kapelo nyekundu kwenye belo la Tandika

Wembe ni wa kawaida, wa kunyolea ndevu, umekatwa nusu na kuviringishwa kitambaa upande mmoja usije ukamla vidole mwenyewe. Fundi anaupenyeza chini ya uzi mweupe, anauvuta kidogo kuelekea kwake, uzi unaachia. Anahamia kwenye mshono unaofuata. Mapajani mwake kuna kapelo nyekundu, na anachofumua ni maneno manne ya Kiingereza ambayo siku hizi hata mtoto wa darasa la tatu ameshayaona kwenye simu ya baba yake, yale ya kuifanya Marekani iwe kubwa tena. Herufi zote ni 21. Amekwishamaliza neno la kwanza, yuko katikati ya la pili.

"Ikiwa tupu naiuza elfu tano," ananiambia bila kuinua macho. "Ikiwa na maandishi inakaa hapa mpaka jua liichubue."

Hapa ni Tandika, wilayani Temeke, upande ule wa soko ambako mitumba humwagwa juu ya maturubai kabla jua halijatoka. Nilikuja kutafuta suruali, sikununua. Nilimwona mama huyu wa makamo akiinamia kofia kama mtu anayechambua mchele, nikasogea, nikasoma herufi zilizobaki, nikashindwa kuondoka. Haya ni maneno yaliyomwingiza Donald Trump Ikulu ya Marekani mara mbili. Ronald Reagan aliyatumia kabla yake, kwenye kampeni ya 1980. Na hapa Tandika yanaondolewa kwa wembe wa bei ya chungwa.

Kazi yenyewe si nyepesi kama inavyoonekana. Uzi wa mashine umeshonwa kwa kubanana, na chini yake kuna karatasi ngumu inayoipa herufi umbo. Ukikata kwa pupa unatoboa kofia. Fundi huanzia nyuma, ndani ya kofia, kwenye fundo la uzi, halafu anageuza na kung'oa kwa kucha upande wa mbele. Nyuzi anazipuliza, zinaruka kama manyoya ya kuku na kuangukia kwenye rundo la sidiria la jirani yake, ambaye amekwishazoea na halalamiki.

Tatizo la kweli linakuja uzi ukishatoka. Kitambaa kilichokuwa chini ya herufi hakijawahi kupigwa na jua. Kikifunuliwa, kina wekundu wa damu ya mzee, na sehemu nyingine yote imepauka. Kwa hiyo maneno bado yanasomeka, nyekundu juu ya nyekundu. Fundi ana dawa yake. Anailoweka kofia kwenye sabuni ya unga, anaianika juani, na ikigoma anashona kiraka cha kichwa cha simba alichonunua Kariakoo. Kiraka kikishakaa, kazi imekwisha. Vijana wa bodaboda wa Temeke wanaigombania, maana sasa ni kofia ya Simba, timu ya Msimbazi, na mechi ya watani ikikaribia bei inapanda bila mtu kuipandisha.

"Nyekundu haikai hapa," anasema. "Ingekuwa ya kijani ningeshona nini? Yanga wana kofia zao."

Geuza utepe wa ndani, ule unaofyonza jasho, utakuta lebo ndogo. Imetengenezwa China. Kofia rasmi za kampeni ile zilishonwa California, na wenyewe walijivunia hilo. Hizi ni nakala zilizofurika mitaani. Kofia ya watu waliokasirishwa na bidhaa za China imeshonwa China, ikavuka bahari hadi Marekani, ikavaliwa ikachujuka, ikatupwa kwenye boksi la sadaka, ikachambuliwa, ikashindiliwa na mashine, ikauzwa kwa kilo, ikavuka bahari nyingine na kushushwa hapo Kurasini, mwendo mfupi tu wa daladala kutoka tulipokaa.

Mama huyu aliniomba nisimtaje jina. "Mambo ya siasa siyataki, mwanangu, mimi nauza nguo." Wateja wanamwita Fundi, nami nitamwita hivyo.

Jina hilo amelipata kihalali. Ni mzaliwa wa Kisarawe, na ushonaji aliusomea Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha hukohuko, halafu akaingia mjini na cherehani ya miguu na kupanga kibaraza karibu na Mtoni. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, suti za wanaume wembamba. Hiyo ilikuwa miaka ambayo mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa kuingia kwa wingi, baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Watu waliivaa kwa kujificha, wakiiita kafa Ulaya. Baadaye wakaacha kujificha.

"Gauni nalishona siku mbili. Jirani analiuza lingine, limeshonwa huko huko Ulaya, kwa bei ya zipu yangu. Nikapambana, nikapambana. Mwisho nikasema, acha na mimi niende huko huko linakotoka."

Sasa cherehani yake ipo nyuma ya turubai, anaitumia kupunguza viuno vya suruali na kushona viraka vya simba. Riziki yake inatoka kwenye belo.

Belo lina kilo 45. Linaletwa na guta kutoka stoo za jumla za upande wa Ilala, limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na kwa nje limeandikwa nchi na aina ya nguo basi. Kilichomo hakionekani. "Belo ni ndoa," anasema Fundi. "Unalipa mahari hujafunua shela." Akikata mikanda, nguo zinafura, na harufu ya dawa ya stoo inapanda. Kabla hajamaliza kumwaga, wachaguaji wameshafika: wenye maduka ya Sinza na Kinondoni, mabinti wanaouza mtandaoni. Wao wanachukua gredi ya kwanza kwa bei nzuri, na hapo ndipo Fundi anarudisha mtaji, au asirudishe. Inayobaki inashuka bei kadiri jua linavyopanda, kutoka elfu tano hadi elfu mbili, hadi buku, hadi jero. Zilizochanika zinakwenda gereji kuwa matambara ya kufutia oili.

Belo la kapelo kutoka Marekani ni zuri, kwa sababu kofia hazina saizi. Lakini tangu uchaguzi wao wa 2016, anasema, hizi nyekundu zinakuja, mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Mwanzoni alidhani ni za timu.

Nikamuuliza kama anajua mwenye maneno yale aliwahi kuingilia biashara yake moja kwa moja. Hakujua. Nikamsimulia, naye akaacha wembe.

Wasomaji wengi wanaikumbuka habari hii kwa juu juu. Machi 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuazimia kupunguza mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nguo na viatu vya ndani vipumue. Huku kwetu ilikuwa enzi ya Magufuli na Tanzania ya viwanda. Ushuru ukaongezwa, Rwanda ndiyo iliyokaza zaidi, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka uliofuata, Machi 2017, chama cha Wamarekani wanaouza nguo zilizotumika, SMART, kikapeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi yao kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Trump alikuwa ana miezi miwili madarakani. Kufikia Juni, Rwanda, Tanzania na Uganda zilikuwa zimewekwa kwenye darubini: kaza ushuru wa mitumba, upoteze msamaha wa ushuru unaoupata kwenye soko la Marekani chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilikuwa imeshajiondoa mapema. Sisi na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na Julai 30, 2018 mavazi yake yakaondolewa kwenye msamaha.

Ni haki kusema kwamba sheria ya AGOA ni ya mwaka 2000, ilisainiwa na Bill Clinton, na masharti yake yalikuwemo tangu mwanzo. Serikali nyingine ya Marekani ingeweza kuyapokea malalamiko yaleyale. Lakini iliyoyapokea ilikuwa imeapa kwamba kila taifa liweke wananchi wake mbele, na rais wake aliyarudia hayo Umoja wa Mataifa Septemba 2017, mbele ya viongozi wa dunia. Viongozi wetu walikuwa wamefanya hivyo hivyo mwaka mmoja kabla. Wakaadhibiwa, au wakatishwa wakaacha.

Hapo ndipo kilipo kiini cha siasa hii ya mrengo mkali wa kulia inapovuka mpaka wa nchi yake. Nyumbani inazungumza habari za viwanda vilivyofungwa, wafanyakazi waliosahauliwa, bidhaa za wageni zilizojaa sokoni. Ni maneno ambayo mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo angeyasikia akaitikia kwa kichwa. Kiwanda kile kilijengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Wazee wa Dar wakikitaja huongeza Sunguratex ya Gongo la Mboto na KTM ya Mbagala. Lakini dawa ambayo wanasiasa hawa wanajiandikia wenyewe, jirani akiinywa wanamnyang'anya kikombe.

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka jirani wa sidiria akageuka.

"Kwa hiyo mwenye kofia ndiye aliyenilindia biashara yangu? Na mimi namfumua!"

Akaichukua kofia tena. Akaendelea kufumua. Baada ya herufi mbili hivi akasema, safari hii bila kicheko:

"Lakini mimi nilikuwa fundi. Wangeizuia hii mitumba mwaka ule naanza kushona, leo ningekuwa na vijana kumi kwenye cherehani. Wakiizuia sasa hivi nakufa njaa. Sasa wewe uliyesoma, niambie, mimi niko upande gani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Utafiti uliofadhiliwa na USAID mwaka 2017 ulikadiria kwamba biashara ya mitumba inaajiri watu 355,000 katika Afrika Mashariki, na walio kama Fundi, wenye turubai na mtaji wa belo moja, ndio wengi. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga inauzwa nje ikiwa ghafi, mkulima anapokea bei anayopangiwa, na nguo inarudi ikiwa imevaliwa na mtu mwingine. Na mitumba haikuua viwanda vyetu peke yake. Mashine zilichakaa, umeme ulikatika, nguo mpya za bei poa kutoka Asia ziliingia bila hata lebo za kweli. Anayesema mitumba ikitoka kesho Urafiki itaamka kesho kutwa anadanganya. Anayesema mitumba haina hatia naye anadanganya.

Kuna jambo Fundi alinieleza ambalo wachumi wangelipenda. Amewahi kufungua belo la jinzi la Marekani na kukuta suruali iliyoandikwa kwa ndani kwamba imeshonwa Tanzania. Inawezekana kabisa. Mabibo kuna eneo maalumu la kiuchumi la Benjamin William Mkapa, na humo kiwanda cha Tooku kimekuwa kikishona jinzi za kupeleka Marekani kupitia msamaha wa AGOA. Msichana wa Mabibo anashona, Mmarekani anavaa, mama wa Tandika anauza, na bodaboda wa Mbagala anaimalizia. Msamaha huo ndio tulioulinda 2018 kwa kuachia mitumba. Muda wake ulikwisha Septemba 30, 2025, na hatima yake ikaachwa mikononi mwa Bunge la Marekani na rais wao, ambaye Aprili mwaka huohuo alikuwa ameshatangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa zetu kama za nchi nyingine nyingi. Tulitoa sadaka kulinda kitu, na kitu chenyewe kimekuwa cha kuombea.

"Hiyo suruali uliiuzaje?" nilimuuliza.

"Sikuiuza. Naivaa nikienda shamba."

Awamu ya kwanza ya mwenye kofia ilimpita Fundi bila yeye kujua. Ya pili imegonga mlangoni. Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mtoto wa dada yake Fundi alikuwa akiingiza takwimu kwenye CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, huko Mbagala, kazi iliyolipwa na mradi wa Wamarekani. Akaambiwa abaki nyumbani. Wagonjwa waliendelea kufuata dawa, anasema Fundi, ila foleni ikawa ndefu na mafaili yakawa yanatafutwa kwa kubahatisha. Julai 1, 2025 USAID yenyewe ikafungwa, kilichobaki kikahamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Waliogharamia kuwahesabu watu 355,000 wa mitumba nao wakakosa kazi. Binti yule sasa yuko Tandika anamsaidia mama mdogo kupanga nguo, na yeye ndiye aliyemweleza kofia zile ni za nani.

Kisha ikaja habari ya viza. Oktoba 2025 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi au biashara anaweza kudaiwa dhamana ya kati ya dola 5,000 na 15,000. Hiyo ya juu ni zaidi ya shilingi milioni 35. Desemba likafuata tangazo jingine, na kuanzia Januari 1, 2026 Watanzania wamezuiwa kwa sehemu: viza za matembezi, za masomo na za kubadilishana uzoefu zimesimamishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi wetu hupitiliza muda wa kukaa.

Wateja wa Fundi walizipokea habari hizo kwa namna tatu, na zote nimezisikia kwake. Kuna kijana aliyekuwa amepata nafasi ya kusoma huko, alipoiona kofia kwenye turubai aliirusha chini na kuondoka. Ndiyo siku Fundi alipoanza kufumua. Kuna bodaboda wasiojali, wanaotaka wekundu tu. Halafu kuna mlokole mmoja wa Yombo Vituka, anayefika kila mwezi kuulizia kofia ambayo haijafumuliwa. Huyo analipa elfu nane. Kwake, mwenye kofia ni mtu wa Mungu aliyesimama kidete dhidi ya ushoga, na viza ni jambo dogo.

Mlokole yule asichekwe. Anatukumbusha kwamba siasa hii haiji kwetu kwa vitisho vya ushuru peke yake. Makanisa na mashirika ya kihafidhina ya Marekani yamekuwa na marafiki Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, na si wote walionunuliwa, wengi wanaamini. Sera ya kuzuia fedha za Marekani kwenda kwa mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba ilianza na Reagan 1984, na tangu hapo kila rais wa chama cha Republican ameiendeleza au kuirejesha, na kila wa Democratic ameifuta. Kwa hiyo shirika la uzazi wa mpango la hapa kwetu linaweza kupanuka au kufunga mlango kwa sababu ya kura zilizopigwa kwenye majimbo ambayo mkunga wake hajawahi kuyasikia. Wapo wanaolia, wapo wanaoshangilia, na wote ni Watanzania.

Lakini Trump anatuziba macho kwa kelele zake, tusiyaone ya Ulaya. Fundi hana ugomvi na Sweden. Kwake ni nchi ya walimu wazuri. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kikiwemo alichosoma yeye, vilianzishwa 1975 kwa wazo lililochukuliwa Sweden, na kabla ya hapo nchi za Nordiki zilikuwa zimeshajenga kituo cha elimu cha Kibaha. Olof Palme, aliyekuwa waziri mkuu wao, na Mwalimu Nyerere walikuwa marafiki wa kweli. Septemba 2022, chama cha Sweden Democrats, ambacho kilianzishwa 1988 na watu ambao baadhi yao walitoka kwenye makundi ya Wanazi mamboleo, kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na kuwa cha pili kwa ukubwa. Hakikupewa wizara hata moja. Kikasaini makubaliano ya kuiunga mkono serikali bungeni, na serikali ikaachana na lengo la miaka mingi la kutoa asilimia moja ya pato la taifa kama msaada. Desemba 2025 waziri wao wa ushirikiano wa maendeleo, Benjamin Dousa, akatangaza kwamba Sweden inaondoa hatua kwa hatua misaada yake kwa Tanzania, pamoja na Msumbiji, Zimbabwe, Liberia na Bolivia. Fedha, alisema, zinahitajika Ukraine.

Ukraine inahitaji kweli. Na Dousa si wa chama kile. Ndiyo maana kisa cha Sweden kinanisumbua kuliko cha kofia. Mrengo mkali wa kulia haulazimiki kushika wizara ya mambo ya nje ili uibadilishe. Inatosha waziri wa chama cha kawaida ajue kwamba bila kura zao bajeti haipiti, basi anaanza kuhesabu kama wao. Uholanzi walikwenda mbali zaidi: chama cha Geert Wilders kilipoingia serikalini 2024, wizara ya biashara ya nje na maendeleo alipewa mtu wake, na misaada ikapangwa upya kwa kuangalia maslahi ya Uholanzi. Serikali ile ilivunjika Juni 2025. Marekani wanapiga kelele na Sweden wanaandika barua kwa lugha ya upole, na mwisho wa mwaka wa fedha Kisarawe inaona tofauti ndogo sana.

Nilipomweleza Fundi haya ya Sweden alisikitika kuliko ya Marekani. "Wale walitufundisha," alisema. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Sasa na sisi si tumefanya vilevile Kariakoo?"

Alikuwa anazungumzia amri ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za rejareja, saluni, kutengeneza simu na uwakala wa fedha za simu. Wakenya walilalamika, wakasema inavunja makubaliano ya soko la pamoja. Tandika ilishangilia. Fundi alishangilia pia, kwa sababu wageni walikuwa wakiuza nguo mpya kwa rejareja bei ambayo mzawa hawezi kuifikia. Nami nilipoisoma amri ile niliiona ya haki, na bado naiona hivyo, kwa sehemu. Kuna tofauti kati ya mnyonge anayejifungia mlango na mwenye nguvu anayefunga mlango wa jirani. Ila sina hakika mpaka wa tofauti hiyo uko wapi, na Mkenya mwenye saluni Mbezi ana hesabu zake.

Fundi yeye ana msimamo. "Kila mtu aseme kwake kwanza, sawa. Lakini basi na mimi niachwe niseme. Siyo yeye aseme, mimi niambiwe nyamaza."

Alikuwa amefika kwenye neno la nne. Mteja akasimama, kijana mwenye kizibao cha bodaboda, akauliza kama ile nyekundu itakuwa tayari kabla ya Jumamosi. Akaambiwa alete elfu mbili ya kutangulia. Akatoa.

Mazungumzo ya AGOA yatarudi, kwa jina hilo au jingine, na Wizara ya Viwanda na Biashara itapeleka watu wake Washington. Safari iliyopita tuliachia mitumba ili kulinda jinzi za Mabibo, na sijawahi kuona popote hesabu iliyowekwa wazi kwa wananchi ya tulichopata na tulichopoteza. Hesabu hiyo itolewe kabla ya ndege kuruka. Na mmoja wa watakaosafiri aje kwanza Tandika asubuhi ya kufungua mabelo, awasikilize wauzaji, mafundi na hao wachaguaji wa Sinza. Fundi yupo kuanzia saa kumi na mbili.